Video Inapepesa Kila Ikirudi Mwanzo: Tafuta Mshono Ulipo

Hajati mwenye hoteli ya pale Kisenyi, Kampala, alinipigia saa tano usiku. "Kijana wangu, hii TV uliyoniwekea inapepesa macho. Wateja wananiuliza ina ugonjwa gani."

Tangazo lake lilikuwa la sekunde 15: yai linamiminwa kwenye kikaango, chapati inalalishwa juu yake, rolex inakunjwa, bei inatokea. Halafu, kabla yai halijamiminwa tena, skrini inakuwa nyeusi kidogo tu, kama kope inayofumba na kufumbua. Sekunde 15 ni mara 240 kwa saa. Mtu anayesubiri chakula hana kazi nyingine ila kuhesabu.

Nikafanya kosa wanalolifanya mafundi wengi. Nilibadilisha flashi, nikabadilisha waya wa HDMI, nikaishia kumshauri anunue TV nyingine. Bahati nzuri hakunisikiliza. Wezi walikuwa wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa waya.

Kabla ya kugusa chochote: jaribio la nakala mbili

Kila video inayojirudia ina mshono, yaani mahali mwisho unapokutana na mwanzo. Swali la kwanza ni moja: huo mshono unaonekana kwa sababu faili limekatwa vibaya, au kwa sababu kicheza video kinachelewa kurudi mwanzo? Kwa macho, kasoro hizi mbili zinafanana sana, ila dawa zake ni tofauti kabisa.

Unganisha nakala mbili za video ileile ziwe faili moja. Mwenye ffmpeg, programu ya kushughulikia video kwa kuandika amri, anaandika hivi:

`ffmpeg -stream_loop 1 -i tangazo.mp4 -an -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p jaribio.mp4`

Asiye nayo anaweza kufanya hivyo kwenye programu yoyote ya kuhariri, hata ya simu: weka klipu, weka ileile tena mbele yake bila madoido yoyote katikati, hifadhi. Kisha chezesha faili jipya likiwa limewekwa kujirudia, kwenye kifaa kilekile chenye tatizo. Sasa una mishono miwili. Wa katikati umo ndani ya faili, na kicheza video hakijui hata kama upo. Kwake ni video moja inayoendelea. Wa mwisho ndio unaokilazimisha kirudi mwanzo.

Mshono wa katikati ukishtuka, kasoro imo kwenye faili, na kubadilisha TV ni kupoteza hela. Wa katikati ukiwa laini na wa mwisho ukashtuka, kicheza video ndicho chenye makosa. Yote miwili ikishtuka, lakini wa mwisho zaidi, una kazi mbili, kama nilivyokuwa nazo kwa Hajati. Anza na faili.

Mshono wa katikati unashtuka

Fungua faili kwenye kicheza video kinachoweza kwenda fremu moja moja, yaani picha moja moja zinazounda video. Kwenye mpv ni kitufe cha nukta kwenda mbele na cha mkato kurudi nyuma. Kwenye VLC ni herufi E kwenda mbele. Nenda mpaka mwisho kabisa, usimame, uangalie fremu kumi za mwisho kwa utulivu.

Sababu ninayokutana nayo kuliko zote ni giza. Waliotengeneza tangazo wamezoea kumalizia video kwa kuififisha mpaka nyeusi, maana hivyo ndivyo filamu inavyoisha. Kwenye faili la Hajati nilikuta fremu sita nyeusi tupu mwishoni. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni karibu robo sekunde ya giza. Zikate. Ukiona mwanzoni pia inaanza gizani na kupanda taratibu, kata na huko.

Ukienda kumwomba mtengenezaji faili la asili, usikubali alitume kama video ya kawaida kwa WhatsApp, kwa sababu litabanwa njiani. Alitume kama hati, au akupe kwenye flashi.

Sababu ya pili ni ya hila, na inawapata zaidi wenye nembo zinazozunguka, mistari inayotembea na maandishi yanayopita chini. Mchoraji anataka mwanzo na mwisho vikutane, basi anahakikisha fremu ya mwisho inafanana kabisa na ya kwanza. Hapo ndipo anapokosea. Video ikirudi mwanzo, picha ileile inaonyeshwa mara mbili mfululizo, na nembo iliyokuwa inazunguka vizuri inasita kama gari lililokanyaga tuta. Klipu ya sekunde 10 kwa fremu 25 ina fremu 250. Zikihesabiwa kuanzia 0, ya mwisho ni 249, na mzunguko unakamilika kwenye ile ya 250, ambayo haimo ndani ya faili kwa sababu ni ya 0 yenyewe. Fremu ya mwisho iwe hatua moja kabla ya ile ya kwanza, isiwe pacha wake. Dawa ni kufuta fremu moja tu.

Sababu ya tatu ni kwamba picha zenyewe hazikutani: mvuke wa pilau ulikuwa umepinda kushoto, ghafla umesimama wima, maporomoko ya Sipi yalikuwa na povu hapa, ghafla liko pale. Kukata hakusaidii, hata ukate wapi. Unachofanya ni kuchanganya sekunde ya mwisho na sekunde ya kwanza, moja ikififia wakati nyingine inajitokeza, na kuanza klipu kwenye sekunde ya pili. Kwa klipu ya sekunde 12:

`ffmpeg -i mvuke.mp4 -filter_complex "[0:v]split[a][b];[a]trim=start=1,setpts=PTS-STARTPTS,fps=25[x];[b]trim=end=1,setpts=PTS-STARTPTS,fps=25[y];[x][y]xfade=duration=1:offset=10,format=yuv420p" -an mvuke_duara.mp4`

Unapata klipu ya sekunde 11 ambayo haina mwisho unaoonekana. Klipu yako ikiwa na urefu mwingine, namba ya kubadilisha ni ile 10: chukua urefu wote, toa 2. Njia hii inafaa sana kwa moshi, maji, mawingu, moto na majani yanayotikiswa na upepo. Kwa watu haifai. Utaona mtu mmoja anayeyuka na mwenzake anazaliwa papo hapo. Wako wanaopenda kuichezesha video kwenda mbele kisha kinyumenyume ili mshono upotee. Kwa bendera inapita. Kwa chakula, mvuke ukirudi ndani ya sufuria, mteja anacheka badala ya kuagiza.

Kuna moja zaidi, na hii inaonekana kwenye mandhari tulivu: picha haijasogea, lakini kila ikirudi mwanzo inakuwa kali ghafla, kama imepumua. Fremu ya kwanza ya faili huhifadhiwa nzima. Zinazofuata nyingi huhifadhi mabadiliko tu kutoka kwa nyingine. Faili likibanwa sana, makosa madogo yanarundikana kuelekea mwisho, kisha fremu nzima inakuja na kuyafuta yote kwa mpigo. Rudi kwenye faili la asili, litengeneze upya kwa ubora mkubwa, `-crf 16` au 18.

Mshono wa katikati laini, wa mwisho unashtuka

Hapa lawama ni ya kicheza video, na inafaa kujua kinachofanyika. Video ikiisha, vicheza vingi havirudi mwanzo hivihivi. Vinalifunga faili, vinamwaga kila kilichokuwa kimeandaliwa kwenye kumbukumbu, vinalifungua tena kama vile hukuwahi kuliona, vinasoma vichwa vyake, vinaamsha tena kodeki (sehemu inayofungua picha zilizobanwa), ndipo fremu ya kwanza inatokea. Katika pengo hilo skrini inaonyesha fremu ya mwisho iliyoganda, au nyeusi, na kwenye TV nyingi jina la faili au alama ya kusubiri. Filamu ya saa mbili haimsumbui mtu kwa hilo. Tangazo la sekunde 15 linamsumbua kila mtu.

Kwenye kompyuta, jaribu mpv kabla ya jambo lingine lolote. Amri ni `mpv --fullscreen --loop-file=inf tangazo.mp4`, au fungua video kisha bonyeza L kubwa. Yenyewe inaruka kurudi mwanzo bila kufunga faili, na kwa klipu iliyokatwa vizuri, kwangu mshono umekuwa hauonekani. VLC naipenda kwa kufungua kila takataka ninayoletewa, lakini ukibonyeza kitufe chake cha kurudia, inafuata ule mtindo wa kufunga na kufungua, na pengo unaliona.

Kwenye TV inayosoma flashi moja kwa moja hakuna programu ya kubadilisha. Programu yake imo ndani na imekaa hivyo. Basi ukishindwa kuuondoa mshono, ufanye uwe adimu. Badala ya faili la sekunde 15, tengeneza la saa nzima:

`ffmpeg -stream_loop 239 -i tangazo.mp4 -an -c:v libx264 -b:v 6M -maxrate 8M -bufsize 16M -r 25 -pix_fmt yuv420p -movflags +faststart saa_moja.mp4`

Namba 239 ni marudio ya ziada, ukijumlisha na ya kwanza unapata 240. Pepesa 240 kwa saa zinakuwa moja. Hiyo ndiyo dawa iliyomtuliza Hajati: nilikata giza, nikajaza saa nzima, nikarudisha flashi. Haina ufundi wa kujivunia, na ndiyo ninayoitumia zaidi kuliko zote.

Chunga ukubwa. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kufika GB 4. Video ya megabiti 8 kwa sekunde inakula megabaiti 1 kila sekunde, kwa hiyo saa moja ni GB 3.6, inaingia, kwa shida. Kwa megabiti 4 unapata saa mbili kwa nafasi hiyohiyo, na kwa tangazo la hotelini macho hayatofautishi. Ukitaka faili kubwa zaidi, ipange flashi kwa exFAT, lakini ijaribu kwanza kwenye TV husika maana zile za zamani huwa hazitambui.

Na kama faili la saa moja linacheza vizuri dakika 20 kisha linaganda palepale kila siku, shuku flashi. Zipo zinazouzwa zimeandikwa GB 64 ambazo ndani hazifiki hata nusu. Zinapokea data kwa adabu zote, kisha haionekani tena. Programu ya H2testw kwenye Windows, au f3 kwenye Linux, huijaza flashi yote na kuisoma upya ikuambie ukweli. Toa mafaili yako kwanza.

Picha laini, sauti inakatika au kutoa "tap"

Ondoa sauti uone: `ffmpeg -i tangazo.mp4 -an -c:v copy kimya.mp4`. Mara nyingi hata kule kuganda kwa picha kunakwisha, na wewe ulikuwa huishuku sauti kabisa.

Sababu yake ni hesabu. AAC, namna ya kubana sauti inayotumika kwenye video nyingi, hufunga sauti kwa vifurushi vya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1,024. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, fremu moja ya video, kwa kasi ya 25, ina sampuli 1,920. Vipimo hivi viwili vinakutana kila baada ya sekunde 0.32 tu. Klipu ya sekunde 16 inaangukia hapo barabara, mara 50 kamili. Ya sekunde 15 haiangukii, kwa hiyo sauti inabaki na kipande kinachoning'inia baada ya picha kuisha. Kicheza video kinasubiri sauti imalizike, picha imeganda. Juu ya hayo, kisimbaji cha AAC huongeza ukimya mfupi mwanzoni, na si kila kicheza video kinajua kuukata. MP3 ina ugonjwa huohuo.

Kwa hoteli, saluni na duka, ushauri wangu ni kuacha sauti kabisa. Redio inaimba, watu wanaongea, TV haisikiki hata ikipiga kelele. Kwa ukumbi wa harusi au kanisani, ambako muziki ni lazima, uchezeshe kando na video. Ukilazimika kuviweka pamoja, hifadhi klipu fupi kwenye MOV ikiwa na sauti isiyobanwa, PCM, ujaze saa nzima kutoka hiyo kwa amri ileile bila `-an`, na ubane sauti mara moja tu kwenye faili la mwisho. Ukirudia klipu ambayo tayari ina AAC, unarudia na ukimya wake mara 240.

Inatetemeka hata mbali na mshono

Basi tatizo si kujirudia, ila watu huliita hivyo. Angalia kasi ya fremu:

`ffprobe -v error -show_entries stream=codec_name,r_frame_rate,avg_frame_rate,duration -of compact tangazo.mp4`

Namba mbili za kasi zisipolingana kwenye mstari wa video, huenda ilirekodiwa kwa simu. Simu hupunguza na kuongeza kasi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika, na vicheza vingine vinayumba navyo. Itengeneze upya kwa kasi moja isiyobadilika, `-r 30`.

Zikilingana, linganisha na skrini. Laptopu na skrini nyingi za kompyuta zinaonyesha picha mara 60 kwa sekunde. Video ya 25 haigawanyiki humo, kwa hiyo fremu nyingine inakaa mizunguko miwili, nyingine mitatu, na maandishi yanayopita chini yanatembea kama mtu mwenye kiatu kimoja. Ama weka skrini kwenye 50 ikikubali, ama tengeneza tangazo kwa 30 tangu mwanzo. Kuibadilisha 25 kuwa 30 mwishoni kunahamishia mtetemo ndani ya faili.

Codec_name, yaani namna video ilivyobanwa, ikisema hevc na kompyuta ni ya zamani, badili iwe H.264, iliyo nyepesi kwa kompyuta, na upunguze hadi 1920 kwa 1080. Mara nyingi huhitaji kutafuta zaidi.

Haijirudii kabisa

Kwenye TV, kitufe cha kurudia mara nyingi huonekana video ikiwa inacheza tu, na wengi wanakitafuta kwenye mipangilio ya kawaida. Ikiwa imewekwa kurudia folda, iache hivyo na uondoe mafaili mengine yote kwenye flashi.

Kwenye kivinjari, Chrome haianzishi yenyewe video yenye sauti, ila iliyonyamazishwa; andika `<video src="tangazo.mp4" autoplay muted loop playsinline>`. Ikicheza mara moja na kukataa kurudi, chunguza seva, yaani kompyuta inayotoa faili hilo. Seva isiyoweza kutoa kipande cha faili kinachoombwa humnyima Chrome njia ya kurudi mwanzo.

Inajirudia vizuri mpaka umeme ukatike

Hili kwetu halikwepeki. Umeme ukirudi, au ukihamia jenereta, TV inawaka kwenye ukurasa wa mwanzo na kukaa hapo ikisubiri mtu mwenye rimoti. Rimoti iko kwa Hajati, na Hajati yuko sokoni Owino.

TV chache zina mpangilio wa kucheza flashi zenyewe zikiwaka. Utafute, ukiwapo umemaliza. Usipokuwapo, weka Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, nyuma ya TV. Yenyewe haisubiri mtu abonyeze kitufe. Ikipata umeme inaamka, na ukiiwekea ile amri ya mpv ianze pamoja na mfumo, tangazo linarudi bila mtu. Adui yake ni kadi ya kumbukumbu, ambayo inaweza kuharibika umeme ukikatika ikiwa inaandikwa. Ndani ya raspi-config, programu yake ya mipangilio, kuna chaguo la kufanya mfumo wote usomwe tu bila kuandikwa. Liwashe kazi ikishakamilika. Kwa kompyuta ya kawaida, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) uiambie iwake yenyewe umeme ukirudi, na uzime kulala kwa skrini.

Wiki mbili baadaye Hajati akanipigia tena, safari hii mchana. Mayai yamepanda, anataka bei ya rolex ibadilishwe. Kwenye flashi kulikuwa na faili la saa nzima tu, na ile klipu fupi nilikuwa nimeshaifuta kwenye laptopu ili nipate nafasi. Nilikata sekunde 15 kutoka kwenye lile la saa, nikabandika bei mpya, nikajaza upya. Picha ilikuwa imebanwa mara mbili, na ute wa yai una vijiraba hadi leo.